Nyangi wa Kwenye Kompyuta

Ndugu msomaji, kabla sijaingia kwenye historia naomba kwanza nikiri kosa. Sisi vijana wa Nyasura tunaopenda kuandika huwa tunakutana Jumapili jioni nyuma ya banda la fundi simu, si mbali na barabara kuu ya Musoma kwenda Mwanza. Kila mtu analeta alichoandika, kinasomwa, kinabishaniwa, giza likiingia tunatawanyika. Jumapili moja akaja dogo mmoja wa kidato cha tatu na daftari kubwa chini ya kwapa. Humo hamkuwa na shairi wala hadithi. Kila ukurasa ulikuwa na sentensi tatu nne tu. Wa kwanza ulisema hivi: Umesimama stendi ya Bunda. Ni usiku. Umeme umekatika. Ukitaka kwenda Balili fungua ukurasa wa 14, ukitaka kwenda ziwani fungua ukurasa wa 22.

Siku ile mwenyekiti nilikuwa mimi. Nikamwambia, kwa ile sauti ya mtu anayejua mambo, kwamba huo ni mchezo wa watoto na sisi pale tunashughulika na fasihi. Dogo akafunga daftari, akasema, "Haya kaka, nimekuelewa," akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Ningekuwa nimeshamsahau kama si ubishi wa fundi simu. Huyu fundi ni mtu wa makamo, ana kompyuta kuukuu ya kuwekea watu nyimbo kwenye simu zao, lakini wateja wakipungua hufungua gemu za zamani na kuzama humo mpaka chai inapoa. Si gemu za mpira wala za kupigana risasi. Ni zile za safari na mafumbo: unatembea, unaongea na watu, unaokota kamba hapa na ufunguo kule, na hadithi haisogei hata hatua moja mpaka utegue kilichokuziba. Siku hiyo tukamkuta kafura. Mteja mmoja alikuwa amemwambia kwamba Roberta Williams, yule mama wa Kimarekani ambaye fundi anamhusudu kuliko wachezaji wote wa Simba, si mtunzi wa gemu hata kidogo, maana programu za gemu zake ziliandikwa na watu wengine, akianza na mumewe.

"Sasa ninyi mkisoma kitabu," fundi akatugeukia sisi waandishi, "mnamshukuru mwenye mtambo wa kuchapa?"

Ubishi ukalipuka pale. Fundi au mtunzi? Nikarudi nyumbani nikiwa na kero moyoni, kwa sababu kama fundi alikuwa sahihi, basi mimi nilikuwa nimemfukuza mtunzi mwenzangu. Nikaanza kusoma habari za watu hawa. Nitakueleza nilichokikuta.

Kumbe mambo yalianzia pangoni. Miaka ya sabini kulikuwa na bwana mmoja wa Massachusetts, Will Crowther, mwandishi wa programu katika kampuni iliyokuwa ikijenga mtandao wa ARPANET, babu wa intaneti ya leo. Bwana huyu na mkewe walikuwa wapenzi wa mapango. Walikuwa wakisafiri hadi Kentucky kwenye mapango ya Mammoth, wanatambaa chini ya ardhi, wanapima, wanachora ramani. Mkewe alikuwamo kwenye msafara wa mwaka 1972 uliogundua kwamba mapango mawili makubwa ya huko yameungana. Baadaye ndoa ikavunjika. Crowther, akiwa mpweke na akiwakumbuka mabinti zake wawili, akakaa na kompyuta ya kazini akaandika lile pango kwa maneno matupu, apate kitu cha kucheza na watoto wakija kumtembelea. Hiyo ni kama mwaka 1976. Hapakuwa na picha hata moja. Kompyuta inakwambia umesimama wapi, unaona nini, nawe unaijibu kwa neno moja au mawili: nenda magharibi, chukua taa. Mwaka uliofuata kijana wa Chuo Kikuu cha Stanford, Don Woods, akaiongezea vyumba, hazina na vitimbi, ikasambaa kwenye kompyuta za vyuo na maofisi kama moto wa kiangazi.

Hebu rudi kwenye daftari la yule dogo. Umesimama stendi ya Bunda. Ni usiku. Unaona?

Mwaka 1979 Ken Williams, mumewe Roberta, alileta nyumbani California mashine ya kuongea na kompyuta ya mbali kwa waya wa simu. Ndani yake akaikuta ile gemu ya pango, akamwonyesha mkewe. Roberta alikuwa mama wa nyumbani, ana watoto wawili wadogo, wa pili ndio kwanza amezaliwa. Gemu ikamnasa. Alipoimaliza akatafuta nyingine ya namna ile, akakuta ni chache mno. Basi akakaa kwenye meza ya jikoni akaanza kutunga ya kwake: nyumba kubwa ya zamani, wageni waliofungiwa ndani, mmoja baada ya mwingine anauawa, na muuaji yumo humohumo. Hadithi za Agatha Christie zilikuwa zimemkaa kichwani. Alichora ramani ya vyumba, akaandika nani yuko wapi, nani anajua nini, kitu gani kinafungua mlango gani. Akaongeza wazo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanyia kazi kwenye gemu za aina hiyo: picha. Ken akaandika programu, Roberta akachora, picha kama sabini, mistari mitupu kama ya mtoto wa darasa la pili, watu wenyewe vijiti.

Mystery House ikatoka mwaka 1980, ikauzwa dola 24.95 ndani ya mfuko wa plastiki, na nakala zaidi ya elfu kumi zikanunuliwa. Kwa hesabu za wakati ule hizo zilikuwa pesa za kujengea. Wakahamia milimani karibu na mbuga ya Yosemite pamoja na kampuni yao, iliyokuja kujulikana kama Sierra. Mwaka 1984 ikaja King's Quest ya kwanza, iliyotengenezwa kwa fedha za IBM waliotaka kitu cha kuuzia kompyuta yao mpya. Zikafuatana mpaka ya nane. Katika ya nne, mwaka 1988, shujaa ni binti, Rosella, anayehangaika kumtafutia baba yake dawa. Wakati huo gemu iliyomweka msichana mbele ilikuwa nadra kama mvua ya Agosti. Mwaka 1995 akatoa Phantasmagoria, gemu ya kutisha iliyojaza CD saba, na watu waliozoea hadithi zake za wafalme na majini wakashika vichwa.

Kisha mambo yakaenda mrama. Kampuni iliuzwa mwaka 1996 kwa kampuni nyingine, CUC, ambayo nayo iliungana na wengine, na mwaka 1998 ikagundulika kwamba hesabu zake zilikuwa zimepikwa kwa miaka. Roberta akamaliza King's Quest yake ya mwisho mwaka huohuo, akatoka. Yeye na mumewe wakanunua boti wakawa wanazunguka baharini. Miaka ikapita, ishirini na zaidi, na kila mashabiki wake wakikutana swali ni lilelile: mama atarudi?

Alirudi. Januari 2023, akikaribia kutimiza miaka sabini, akatoa gemu. Unajua ni ipi? Ni lile pango. Pango lilelile la Crowther, ambalo alilichezea nyumbani mwaka 1979, safari hii limejengwa kwa picha unazoweza kuzunguka ndani yake. Fundi anapofika hapa huwa ananyamaza kidogo. Wako waliosema gemu yenyewe imechelewa miaka arobaini, mafumbo ni ya kizee. Huenda. Mimi ninachokiona ni mtu aliyerudi kwenye kitabu kilichomfanya aandike.

Sasa msomaji wangu utaniuliza, haya ya California yanatuhusu nini sisi wa Mkoa wa Mara? Yanatuhusu, tena yana tarehe. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine za Wizara ya Fedha kuleta hasara badala ya nafuu. Televisheni nazo hazikuruhusiwa Bara. Tulikaa mpaka mwaka 1994 ndipo tukaona kituo cha kwanza huku kwetu. Kwa hiyo wakati Crowther anawaandikia wanawe pango, mtoto wa Bunda aliyetaka safari na mafumbo hakuwa na pa kuyapata isipokuwa kwenye masimulizi ya bibi, na kwenye vitabu.

Lakini angalia, mwaka huohuo wa 1974 ndipo Elvis Musiba alipotoa Kufa na Kupona, na Willy Gamba akazaliwa. Mpelelezi wa Kitanzania anavuka mpaka kwenda Nairobi kufuata nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam. Mwaka 1979 Kikosi cha Kisasi, na baadaye Njama, na Hofu. Waliosoma wakati ule wanatuambia jinsi walivyokuwa wakingojea kitabu kinachofuata, wakibishana Willy atatumwa nchi gani. Ule ubishi wa mashabiki wa Roberta wa mama atarudi lini, baba zetu waliufanya zamani, wamekaa juu ya magunia ya pamba. Nakala niliyosomea mimi ilikuwa imepita mikononi mwa watu wengi mno na kurasa kumi hivi za mwisho zilikuwa zimechanika. Ilinibidi nimalizie mwenyewe kichwani, na kila usiku Willy alitoka kwa njia tofauti. Miaka mingi baadaye nilipoipata nakala kamili nilikuta mwisho wa Musiba ni mzuri, ila wangu mmoja ulikuwa na mamba.

Basi tuje Nairobi. Mwaka 2007 kijana wa Kenya, Wesley Kirinya, alitoa gemu ya kompyuta aliyoijenga mwenyewe, yenye mazingira ya kuzunguka pande zote kama zile za Ulaya na Marekani. Shujaa ni msichana anayesaka vitu vya kale vya Afrika. Gemu inaitwa The Adventures of Nyangi.

Niliposoma jina hilo nilicheka peke yangu. Nyangi! Hapa Nyasura ukisimama stendi ukaita "Nyangi!" watageuka watu watatu na kondakta. Mimi nimesoma na akina Nyangi wawili, wote wavulana. Na kwa wazee wa Kiikoma na Kinata, nyangi ni zile sherehe za kumpandisha mtu daraja katika utu uzima, unatoka ngazi moja unaingia nyingine, na kila ngazi ina gharama zake na siri zake. Sidai kwamba Kirinya alilichukua jina huku kwetu. Nasema tu kwamba lilinishtua. Miaka yote tulikuwa tukijifunza kutamka majina ya wafalme wa Roberta, kumbe mahali fulani kulikuwa na shujaa ambaye jina lake mama yangu angeliita bila kukosea.

Nikamwuliza fundi kwa nini hakuwahi kutuwekea. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini ng'ombe hataagi. Kwanza, akasema, piga picha ya mwaka 2007. Gemu kubwa kama ile ungeipakua kwa intaneti gani? Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea zaidi satelaiti, ghali, na ya mwendo wa konokono. Pili, ungemlipaje yule kijana? M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uleule wa Nyangi, ikiwa bado ya kutumiana nauli na ada. Huku kwetu Vodacom waliileta mwaka 2008. Tatu, CD ikifika mjini, ya kwanza inanunuliwa, hamsini zinazofuata zinanakiliwa. Hapo fundi alikohoa kidogo, na sisi tukaangalia pembeni, maana tunajua nyimbo anazotuwekea zinatoka wapi.

Hii ndiyo tofauti ninayotaka uione. Roberta alipata gemu ya pili kwa sababu ya kwanza iliuzwa, kwa fedha taslimu, ndani ya mfuko wa plastiki. Ufundi si hoja hapa. Weka vile vijiti vya 1980 karibu na Nyangi uone aibu iko wapi. Ila Mmarekani wa 1980 alikuwa na duka la kompyuta mjini kwake na posta inayofikisha kifurushi mlangoni. Kirinya alikuwa na kazi iliyokamilika, na mbele yake hakuna barabara.

Alichofanya ni kubadili njia. Mwaka 2009 aliungana na kijana wa Ghana, Eyram Tawia, wakaanzisha kampuni ya Leti Games, baadaye Leti Arts, mguu mmoja Accra na mwingine Nairobi, wakageukia gemu za simu na vitabu vya katuni. Simu ilikuwa imeshaenea kila kona, na duka la programu la Apple lilikuwa na mwaka mmoja tu tangu lifunguliwe. Mashujaa wao wakawa akina Ananse na Shaka. Ni uamuzi wa mtu mwenye akili, siulaumu. Lakini simu ya wakati ule ilitaka gemu fupi, ya kucheza ukingojea basi, na ile safari ndefu ya binti anayesaka mabaki ya wahenga haikuenea humo. Mimi binafsi naona tulipoteza kitu. Fundi haafiki, anasema bora gemu fupi inayofika Nyasura kuliko ndefu inayobaki Nairobi. Bado tunabishana.

Na sisi mashabiki nasi tusijitoe kwenye lawama. Yuko mkongwe mwingine, Ron Gilbert, aliyetoa The Secret of Monkey Island mwaka 1990 na sehemu ya pili 1991, kisha akaondoka kwenye kampuni ile mwaka 1992 kabla hajaimalizia hadithi yake. Watu walimngojea miaka thelathini. Tarehe 1 Aprili 2022 akatangaza kwamba anarudi, na kwa kuwa ilikuwa siku ya wajinga, wengi wakadhani utani. Picha za kwanza zilipotolewa, wako waliomtukana kwa sababu michoro haikufanana na ile waliyoizoea, wakamtukana mpaka akasema hataandika tena habari za gemu hiyo. Gemu yenyewe ilitoka Septemba mwaka huohuo. Walioitukana hawakuwa wamecheza hata dakika moja.

Nilipofika kwenye habari hiyo nilifunga simu. Maana na mimi, ndugu msomaji, lile daftari nilisoma ukurasa mmoja tu.

Jumamosi nikaenda kwao. Nikabisha hodi, nikamkuta mama yake anachambua dagaa. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza kama ndiye mimi yule kaka wa maandishi. Nikakubali kwa taabu. Dogo alikuwa nyuma ya nyumba anapiga pasi sare za shule. Hakuonyesha kukasirika wala kufurahi. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi na kuomba daftari. Akafikiri, akaingia ndani, akatoka na madaftari mawili. Lile la kwanza lilikuwa limeshajaa.

"Ila kaka," akasema, "usisome kama kitabu. Ukisoma mfululizo halina maana."

Nimelicheza kwa usiku mitatu. Nimekwenda Balili nikafukuzwa na mbwa. Nimekwenda ziwani, nimepewa karabai na mvuvi kwa kubadilishana na kitunguu nilichookota stendi bila kujua kazi yake. Nimepotea kwenye kiwanda cha pamba, nimerudishwa mwanzo mara nne. Hati yake ni mbaya na anachanganya "l" na "r" kama wengi wetu huku, lakini jamaa anajua kukuacha mahali ambapo lazima ufungue ukurasa unaofuata.

Sasa nimekwama. Ukurasa wa 61 kuna mzee amekaa juu ya jiwe, njia inapita nyuma yake. Anakuuliza mtu akitaka kuwa mzee kamili anapita nyangi ngapi. Jibu lako ndiyo namba ya ukurasa. Nikajaribu kudanganya, nikafungua ukurasa wa 3. Umeandikwa: Umesema uongo. Rudi stendi.

Nikampigia simu dogo anidokeze kidogo. Akakataa katakata. Basi leo asubuhi nimekwenda kwa jirani yetu, mzee wa Kiikoma, nikamwamkia, nikamwuliza. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema swali kama hilo haliulizwi asubuhi tena mtu akiwa amesimama. Nije jioni, na nije na ugoro.